Parvo ya paka ikiingia nyumbani: namna ya kuizima hatua kwa hatua, kwa tunaolea paka wengi Mombasa

Utamkuta amekaa mbele ya bakuli la maji. Amejikunja, mabega yamepanda, kichwa kimening'inia mpaka ndevu zagusa maji lakini hanywi, na ukimwita hageuki. Ukimuona hivo paka mchanga ambaye jana alikuwa akikuparamia miguuni ukiparua samaki, usingoje asubuhi. Mimi nlingoja. Nlisema huyu Kachri kaokota kichwa cha samaki kimeoza huko nje, nikamdondoshea maji mdomoni nikaenda kulala, kuamka nakuta povu la manjano chini ya kabati na Bhajia naye kakaa vilevile mbele ya bakuli. Siku ya tatu walikuwa wanne.

Wakati huo nlikuwa na paka 31, nyumba ya vyumba vitatu Mji wa Kale, bafu moja, na paa la zege juu. Usiku nikakaa na simu nasoma, na kila mwongozo naoufungua umeandikwa kwa watu wenye jengo zima, wafanyikazi kumi, na maji ya mfereji masaa 24. Huu naandika kwa sisi wa maji ya mkokoteni.

Jina la kitaalamu la ugonjwa ni panlukopenia, maana yake chembe nyeupe za damu zafagiwa zote, mwili unabaki hauna askari. Wengine huita distempa ya paka, ingawa na distempa ya mbwa hawajuani kabisa. Ni jamii moja na parvo ya mbwa, ambayo yenyewe ilizuka duniani miaka ya 1970 mwishoni na wataalamu wasema ilitokana na virusi vya jamii hii ya paka. Virusi vyenyewe ni vigumu kufa, vyaweza kukaa sakafuni, kwenye mkeka, kwenye mlango wa tundu, mpaka mwaka mzima. Na mgonjwa amelala tu pale hana hata nguvu ya kuinuka, anayeutembeza ugonjwa ni wewe na champali zako. Kila ntakalosema hapa chini latokana na hilo.

Hatua ya kwanza: funga mlango

Saa hiyohiyo, kabla hujajua ni nini. Paka haingii, paka hatoki. Aliyekuwa aje kuchukua wake Jumamosi mpigie mwambie asubiri. Ngumu zaidi ni upande wa kuingia, maana Mombasa watu wakishajua nyumba fulani yapokea paka hawaulizi, waamka wakuta boksi mlangoni limefungwa kamba na ndani mna watoto watano walia. Andika karatasi kubwa ubandike, na majirani waambie kwa mdomo, karatasi hawasomi. Ukipokea kitoto kisichochanjwa wiki hiyo umekihukumu.

Na wale watoto wa madrasa wanaopita jioni kubeba paka, wazuie pia. Wao hawaupati ugonjwa huu, binadamu hashiki, hilo uwaambie wazazi wazi usije ukasikia mtaani kwamba kwako kuna kichaa cha mbwa, lakini kanzu na mikono yao yatosha kuupeleka kwa paka wa nyumbani kwao.

Hatua ya pili: jua ni nini kweli

Si kila kutapika ni parvo. Yaweza kuwa minyoo, yaweza kuwa sumu ya panya aliyotega jirani, yaweza kuwa chakula. Mafua ya paka nayo yaenea haraka lakini hayo utaona macho yametunga usaha, chafya, vidonda vya ulimi. Parvo yaja na homa, anakataa kula ghafla, anatapika povu au maji ya manjano, kuharisha kwaja baadaye na wengine hawaharishi kabisa, na maji ya mwili yaisha haraka mno, ukivuta ngozi ya shingoni yabaki imesimama kama hema. Wengine wafa hata dalili hujaziona, usiku mzima asubuhi amekauka, na hapo ndipo watu husema kalishwa sumu.

Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa, si kijana wa agroveti anayeuza dawa za kuku. Muulize kama ana kile kipimo cha parvo ya mbwa, kinafanana na cha mimba, unaweka mavi kidogo unasubiri mstari. Kimetengenezwa kwa mbwa lakini hawa virusi wako karibu kiasi kwamba chashika na cha paka. Ila kina mitego miwili. Paka aliyechanjwa majuzi aweza kutoa mstari hafifu hata kama si mgonjwa, na kisipoonyesha mstari haina maana paka hana, mwingine hajaanza kutoa virusi kwenye mavi au ameshamaliza. Kwa hivo paka akiwa na dalili zote na kipimo chasema hana, mtende kama anayo. Kipimo cha damu kuhesabu chembe nyeupe chasaidia sana kama kipo.

Kwangu daktari wa kwanza niliyempigia alisema ni minyoo kwa simu, bila kumuona paka, akaniambia ninunue dawa. Simtaji, lakini siku mbili nilizopoteza kwa dawa ya minyoo zilinigharimu.

Hatua ya tatu: wagawe makundi matatu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi tunapokosea, sababu twagawa mawili: wagonjwa na wazima. Hao wazima nusu yao si wazima. Tangu paka aingiwe na virusi mpaka aonyeshe dalili zapita siku kama 2 mpaka 10, na katikati hapo anaweza kuwa ameshaanza kuvitoa. Kwa hivo:

Wagonjwa, wenye dalili.
Washukiwa, yaani wote waliolala chumba kimoja na mgonjwa, waliokula bakuli moja, waliotumia karai moja la choo, hata kama sasa hivi wanakimbizana.
Wazima wa kweli, ambao hawakukaribiana na hao kabisa. Ukiwa mkweli na nafsi yako hili kundi litakuwa dogo.

Mimi wagonjwa niliwaweka bafuni, sababu bafu lina vigae mpaka juu, lina tundu la maji machafu, lafungika. Washukiwa chumba cha wageni ndani ya matundu, wawili wawili kama walivyozoeana, usiwachanganye upya. Wazima tisa wakapanda juu kwenye paa, nikawafungia turubai kwa jua. Sisi wenyewe tukawa twaoga kwa dada yangu Majengo wiki tano, shemeji hakusema kitu lakini ndoo alikuwa aihesabu.

Kama huna vyumba, tumia umbali na vizuizi. Baraza, jiko, ngazi, kwa jirani mwenye chumba kitupu. Lakini usimpeleke mshukiwa nyumba yenye paka mwingine, hata mmoja.

Kisha mzunguko wa siku uwe hivi na usivunjwe hata na aliyechoka: waanza na wazima, halafu washukiwa, wa mwisho wagonjwa. Ukishaingia kwa wagonjwa hurudi nyuma mpaka uoge na kubadilisha nguo. Usahau kitu juu, kikae hukohuko mpaka kesho. Kama mko wawili, mmoja ashike wagonjwa tu na asipande juu katu.

Huu mpangilio nlifundishwa na mama mmoja mgeni aliyekuwa akija kujitolea, kwao alikuwa na makao ya fereti, yule mnyama mwembamba mrefu ukoo mmoja na kicheche, ambaye huko Ulaya na Marekani hufugwa ndani kama paka. Akasema fereti nao wana balaa lao, kuharisha ute wa kijani, ulionekana mara ya kwanza mashariki ya Marekani mwaka 1993 na baadaye ikajulikana ni virusi vya korona vya fereti wenyewe. Na kwao mambo ni kinyume na kwetu: kitoto cha fereti chaingia kizima kabisa, chacheza, baada ya siku chache wazee wote wako chini. Kwetu parvo yaua watoto, na mzee yuko pale ajilamba kama hayamhusu. Nikamuuliza sasa nyinyi mwafanyaje, akanionyesha champali zake.

Hatua ya nne: champali, mikono, dera

Kila chumba na champali zake, zakaa mlangoni upande wa ndani. Zile za mpira za bei rahisi, rangi tofauti ili usidanganyike: kwangu nyekundu bafuni, buluu kwa washukiwa, nyeupe juu. Unavua za koridoni nje, waingia mguu mtupu hatua moja, wavaa za ndani. Watu wengi huweka beseni la jiki mlangoni la kukanyaga, mimi pia niliweka siku za mwanzo, lakini jiki ikishaingia uchafu haina nguvu tena na hakuna anayesimama humo dakika kumi, wachovya wapita. Kubadilisha kiatu ni bora.

Dera kuukuu au shati la mikono mirefu kwa kila chumba, latundikwa msumari wa ndani. Glavu kama zapatikana, unatupa kila ukitoka tundu moja. Na sasa nisikilizeni vizuri kuhusu sanitaiza. Tangu korona kila nyumba ina chupa, twajipaka tukiona tumemaliza. Spiriti haiui virusi hivi. Korona ina ngozi ya mafuta nje ambayo spiriti yaiyeyusha, hivi havina. Wajipaka, mikono yanukia vizuri, na virusi vyote viko palepale kwenye vidole. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sabuni haiviui lakini yaviondoa viende na maji. Mwambie mtu akumiminie kwa kata, usinawe ndani ya beseni.

Mabakuli, makarai ya choo, kijiko cha kuchotea mavi, fagio, tambara, kila chumba na vyake. Nlitia alama kwa rangi ya kucha.

Hatua ya tano: kuosha (msome yote, hapa ndipo pesa hupotea)

Detoli iache. Haiui parvo, na tena ni sumu kwa paka, na vilevile zile dawa za sakafu za harufu ya msonobari. Paka atembea juu yake, ajilamba miguu, ini lake haliwezi kuzivunja. Nyumba ya jirani yangu yanukia hospitali na paka wake wawili wana vidonda vya mdomo, kila siku twabishana.

Kinachofanya kazi na chapatikana kila duka ni jiki, lakini kwa masharti:

1. Toa uchafu kwanza. Kwangua mavi, matapishi, nywele, kisha osha kwa sabuni ya unga na brashi, suuza. Jiki juu ya mavi yamalizana na mavi, virusi vyabaki. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi sabuni ya kipande haitoi povu, tumia ya unga au ya maji.

2. Pima. Jiki nyingi za chupa hapa kwetu ni karibu asilimia 3.5, soma lebo. Hiyo watia mililita 50 ikijazwa maji mpaka lita moja, yaani kwa mtungi wa lita 20 ni lita moja nzima ya jiki. Kuongeza zaidi ya hapo hakukupi kitu ila kukohoa. Na zile jiki za kupima kwenye chupa za soda pale kibandani, hujui ina nguvu gani wala ilikaa juani siku ngapi, hizo fulia nguo nyeupe.

3. Sakafu ikae imelowa dakika 10. Si kupangusa na kupita. Kule juu kwenye zege saa saba mchana dakika tatu tayari imekauka, basi mwagia tena, au osha asubuhi mapema.

4. Paka wawe wametolewa humo au matundu yamesogezwa, madirisha wazi, baadaye suuza kwa maji matupu na ikauke ndio warudi. Usichanganye jiki na sabuni ya choo yenye asidi, na pale penye mkojo mwingi uoshe kwanza kwa maji, sababu jiki ikikutana na mkojo au asidi yatoa hewa ya sumu. Ndani ya bafu lisilo na dirisha ni hatari kwako mwenyewe.

5. Tengeneza ya siku hiyo. Ya jana mwaga.

Na kuna vitu havioshiki, jamani, visiwaume roho. Boksi, mkeka, godoro la sponji, ile nguzo ya kamba ya makumbi wanayokwarulia, viti vya mbao mbichi. Choma au tupa. Mimi nlikuwa na kitanda cha kamba cha marehemu bibi, kuukuu, paka wote walizaliwa juu yake, nikakizunguka siku nzima na ndoo ya jiki kama mtu anayetafuta mlango. Jioni nikakata kamba zote nikazichoma, mbao nikaziosha kwa jiki mara tatu nikaziacha juani, kamba mpya zikasukwa baadaye. Leso na mashuka ya wagonjwa yalowekwe kwenye jiki peke yake, si pamoja na ya nyumbani, kisha yaanikwe jua kali. Jua lasaidia lakini lisiwe ndio dawa.

Choo cha paka wengi hapa twatumia mchanga wa pwani au machujo ya mbao. Wakati huu machujo ni bora, mepesi, wayafunga mfukoni yote kila siku na kuyatupa. Mchanga watu hushawishika kuuosha na kuurudisha. Usiurudishe.

Hatua ya sita: mgonjwa mwenyewe

Hakuna dawa ya kuua kirusi hiki. Unachofanya ni kumshikilia paka asife kwa kukauka na kwa bakteria wakati mwili wake watafuta askari wapya. Hii ni kazi ya daktari, lakini paka akiwa kwako na daktari yuko ng'ambo ya feri, kuna mambo ni yako.

Maji ndio kwanza. Dripu ya mshipani ni bora, ikishindikana daktari akufundishe kuweka chini ya ngozi, pale kati ya mabega: wanyanyua ngozi iwe kama hema dogo, sindano yaingia chini ya hema. Mara ya kwanza mkono wangu ulitetemeka nikatoboa ngozi ikatokea upande wa pili, maji yote yakaingia kwenye leso. Mara ya tano nilikuwa nafanya huku naongea na simu. Kiasi gani, hilo daktari atasema kwa uzito wa paka, usikisie.

Watu watakwambia mpe maji ya dafu. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, halifanani na kile kilichopotea, na paka anayetapika hata hilo halikai tumboni. Kunywa wewe.

Dawa ya kuzuia kutapika na antibaiotiki atatoa daktari. Antibaiotiki haimgusi kirusi, ni kwa sababu utumbo umechubuka ndani na bakteria wapita waingia kwenye damu. Na chochote utakachofanya usimpe Panadol. Najua ana homa, najua roho yakuuma, lakini parasetamoli yamuua paka, hata kidonge kimoja chatosha.

Pima joto asubuhi na jioni kwa themomita ya matako. Paka mzima ni kama 38 mpaka 39.2. Likipanda ni homa, lakini nlichojifunza kuogopa zaidi ni kushuka, likienda chini ya 37 paka anakuondoka. Hata Mombasa hii ya joto kitoto kikiishiwa maji kinakuwa baridi kama kigae. Chupa ya maji moto, izungushie leso, iweke ubavuni, iache nafasi aweze kusogea. Kitoto kilicholegea kabisa mpake asali kidogo kwenye ufizi huku waita daktari.

Akiacha kutapika mpe chakula kidogokidogo, kijiko cha chai cha samaki aliyechemshwa bila chumvi na kusagwa, kila masaa machache. Usimnyime kula ukidhani tumbo lapumzika. Mabuyu alilamba kidole changu usiku wa nne, kulamba tu, nikalia bafuni kama mwehu. Anayevuka siku ya tano mara nyingi avuka.

Wengine hawavuki, kwangu walikwenda tisa. Ukiona joto lashuka, hainuki, apumua kwa shida na daktari asema basi, muache daktari amlaze usingizi wa mwisho. Maiti ifungwe vizuri, mifuko miwili, jiki ndani, isitupwe jaani ambapo paka wa mtaa wala. Mji wa Kale udongo hamna, ni mawe na saruji, nlipata shamba la jamaa Kisauni, tuktuk moja, shimo la kufika kifuani mwa mtu mfupi, mbali na kisima.

Hatua ya saba: chanja, usingoje iishe

Watu wengi husema tutachanja mambo yakitulia. Kinyume. Siku ileile uliyothibitisha, kila paka asiye na dalili achanjwe, washukiwa na wazima wote, ile chanjo ya tatu kwa moja, yaani sindano moja ya parvo pamoja na virusi viwili vya mafua ya paka. Iliyo ya virusi hai vilivyodhoofishwa yaanza kukinga ndani ya siku chache, na kwa mlipuko hizo siku chache ndio kila kitu. Kuna washukiwa wataugua hata hivyo sababu kirusi kiliwahi kuingia, usiseme chanjo imewaua.

Watoto waanza wakiwa na wiki 4 kama kuna mlipuko, warudiwe kila wiki 2 mpaka wiki 20, sababu maziwa ya mama yana kinga inayoizima chanjo na hujui yaisha lini kwa kila kitoto. Mwenye mimba usimpige ya virusi hai, daktari akwambie la kufanya. Kirusi hiki kikimpata mama mjamzito chala ubongo mdogo wa nyuma wa watoto tumboni, wazaliwa watembea wakiyumba. Ninaye mmoja, twamwita Matatu, akielekea bakulini apitia ukuta wa kushoto na wa kulia. Ana miaka miwili, mnene, hana shida na mtu.

Chanjo yataka baridi, digrii 2 mpaka 8. Usiibebe mkononi toka dukani na jua la saa sita uko kwenye foleni Buxton. Nenda na kopo la barafu, iwe na kitambaa katikati isigande, na siku ya stima kukatika usinunue ya friji iliyozimika tangu usiku. Ikishachanganywa itumike palepale.

Hatua ya nane: daftari

La karatasi, si simu, simu utaishika na glavu. Kila paka mstari wake: tarehe, chumba, amekula, ametapika, choo, joto. Kutoka hapo ndio wahesabu siku 14 tangu mgonjwa mpya wa mwisho. Akitokea mwingine siku ya 13 warudi sifuri. Mimi nilirudi sifuri mara mbili, ya pili Achari alikuwa ametapika nywele tu, mpira wa nywele huu, lakini nikaogopa nikahesabu upya, na sijutii.

Daftari ndilo lililonionyesha pia ilivyoingia. Nilirudisha kurasa nyuma nikaona: siku sita kabla ya Kachri, boksi toka Kongowea, watoto watatu, nikaliweka jikoni karibu na mabakuli, dakika kumi tu, nikitafuta pa kuwaweka. Mkono wangu mwenyewe.

Piga simu kwa kila aliyechukua paka kwako wiki mbili zilizopita. Aibu, ndio. Mmoja alinitukana mpaka salio likaisha. Mwingine paka wake alikuwa ndio ameanza kukaa mbele ya maji, akamkimbiza kwa daktari usiku huo, na yuko hai.

Kufungua tena

Siku 14 zikipita salama, osha nyumba nzima kwa mpango wa hatua ya tano, mara mbili au tatu siku tofauti. Waliopona wana kinga ya miaka mingi, lakini waweza kuendelea kutoa virusi kwenye mavi mpaka wiki 6, na manyoya pia yabeba. Kwa hivo waogeshwe, wakae peke yao hizo wiki, wasiende nyumba yenye paka asiyechanjwa. Kila anayeingia nyumba hii kwa mwaka mzima awe amechanjwa kwanza. Mwenye kitoto cha wiki tano mtafutie nyumba nyingine kabisa ya kukilea mpaka chanjo zishike.

Na mgeni hachanganywi na wengine siku ya kwanza tena. Siku 14 peke yake, champali zake, bakuli lake, kijiko chake. Chumba cha hiyo kazi kwangu ni bafu, bado. Kwa hivyo mkija kunitembelea mkaomba choo nikawapeleka kwa jirani, msinune, ndani mna watu.